Kwa Nini Wahindu Hufunga na Kusali Mwezi Ukiwa Mpevu? Fahamu Ibada ya Purnima na Nadhiri ya Kuomba Kuondolewa Shida

Kama unaishi jirani na familia ya Kihindu, huenda umewahi kuona jambo hili. Kila baada ya wiki nne hivi, mwezi ukiwa umejaa, nyumba inanukia udi na samli, kengele ndogo inasikika, halafu mtoto anakuja mlangoni kukuletea kitu kitamu kwenye kibakuli. Hiyo ni Purnima, yaani siku ya mwezi mpevu. Leo tuangalie wanafanya nini na wanaomba nini.

Kwanza tuweke jambo moja sawa. Mhindi na Mhindu sio kitu kimoja. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India, na anaweza kuwa Mwislamu, Singasinga, Mjaini au Mkristo. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Ibada hii ni ya Wahindu.

Purnima ni siku gani?

Kalenda ya Kihindu inafuata mwezi. Mwezi ukianza kukua zinahesabiwa siku 15, na ya 15 ndiyo Purnima. Kwa kuwa mzunguko mmoja ni kama siku 29 na nusu, kwa mwaka zinakuwa Purnima 12, na mara nyingine 13.

Siku hizo hazianzi saa sita usiku kama tulivyozoea. Zinaweza kuanza mchana au hata jioni, ndiyo maana watu huangalia kwanza kalenda yao iitwayo panchang, ambayo siku hizi wengi wanayo kwenye simu.

Je, wanaabudu mwezi?

Hapa wengi wetu tunakosea. Ni kweli mwezi una mungu wake, Chandra, na wapo wanaomwagia maji au maziwa chini kwa heshima yake unapochomoza. Lakini katika ibada inayojulikana zaidi ya siku hii, anayeombwa ni Vishnu, mungu anayeaminika kuulinda ulimwengu. Anaombwa kwa jina la Satyanarayan. Neno "satya" maana yake ni ukweli. Jina hilo lishike, tutalirudia.

Ibada inafanyikaje?

Mwenye nadhiri anaoga asubuhi na kufunga. Wengine hawali kabisa mpaka jioni, wengine wanakula matunda na maziwa tu. Mgonjwa, mzee au mama mjamzito halazimiki.

Jioni familia inaandaa meza ndogo yenye picha ya Satyanarayan. Pembeni huwekwa migomba au majani yake, na chombo cha maji chenye majani ya mwembe na nazi juu yake. Kuna maua, taa ya samli, na majani ya tulsi, mmea wa jamii ya mrehani.

Kisha inaandaliwa prasad, yaani chakula kitakatifu cha kugawia watu. Ni unga wa ngano uliokaangwa kwa samli, ukapikwa na maziwa, sukari na ndizi. Vipimo kwa desturi huwa ni moja na robo: kilo moja na robo, au kikombe kimoja na robo, kwa kadiri ya uwezo wa mtu.

Baada ya hapo kinasomwa kisa chenye sura tano, na majirani wanakaribishwa kusikiliza.

Kisa chenyewe ni cha watu wenye shida

Baadhi ya wanaotajwa humo ni watu wa hali ya chini. Yupo maskini anayeomba chakula mtaani katika mji wa Kashi, ambao leo ni Varanasi. Yupo mkata kuni anayeahidi kufanya ibada kwa pesa atakayopata siku hiyo, na kuni zake zikanunuliwa kwa bei mara mbili.

Halafu yupo mfanyabiashara tajiri asiye na mtoto. Anaahidi kwamba akipata mtoto atafanya ibada. Anapata binti, Kalavati. Mkewe anamkumbusha, naye anasema subiri binti aolewe. Binti anaolewa, baba anasahau tena.

Siku moja akiwa safarini na mkwewe wanasingiziwa wizi na kutupwa jela. Huku nyumbani wezi wanakomba kila kitu. Kalavati anatoka na njaa kutafuta chakula, anakuta ibada kwenye nyumba ya watu, anakaa kusikiliza. Anaporudi usiku anamweleza mama yake, na wawili hao wanatimiza ile ahadi aliyoiacha baba. Mfalme anaota ndoto, na wafungwa wanaachiwa.

Mambo hayakuishia hapo. Njiani mtawa anamuuliza tajiri, "Umebeba nini chomboni?" Akajibu kwa dharau kwamba ni majani tu. Kufunua, mali yote imekuwa majani kweli. Ilibidi aombe msamaha.

Umeona sasa kwa nini jina ni la ukweli? Kwa mujibu wa kisa hiki, kilichomponza yule bwana ni kuahidi na kutotimiza, kisha kusema uongo. Kwa hiyo anayeomba kuondolewa deni, ugonjwa au kesi anakumbushwa kwanza aangalie neno lake mwenyewe.

Purnima nyingine za kuomba ulinzi

Raksha Bandhan huangukia mwezi mpevu wa kati ya Julai na Agosti mwishoni. "Raksha" ni ulinzi. Dada anamfunga kaka yake uzi mkononi na kumwombea, naye kaka anaahidi kumlinda.

Vat Purnima, hasa Maharashtra na Gujarat, ni ya wanawake walioolewa. Wanauzungushia uzi mti mkubwa wenye mizizi inayoning'inia, wakiomba maisha marefu ya waume zao.

Sharad Purnima huja baada ya mvua za India kuisha. Wagujarati huweka nje kwenye mbalamwezi maziwa yenye mchele uliopondwa, unaofanana na pepeta yetu, kisha wanakunywa pamoja.

Na huko Tiruvannamalai, kusini mwa India, umati mkubwa huuzunguka mlima Arunachala kila mwezi mpevu. Ni mwendo wa kilomita 14, na wengi hutembea pekupeku.

Tahadhari kidogo

Siku kama hizi matapeli nao hawalali. Akitokea mtu mtandaoni anakuambia tuma pesa upate "nguvu za mwezi mpevu", jua hiyo sio ibada tuliyoieleza. Hii hufanyika nyumbani kwa gharama ndogo, na kuhani hupewa sadaka kwa kadiri ya uwezo. Aliye mgonjwa anaendelea na dawa zake.

Kwa Waislamu wanaofunga tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, jambo la kufunga siku za mbalamwezi sio geni, ingawa imani ni tofauti kabisa.

Basi, siku nyingine jirani akikuletea kile kibakuli, utajua kimetoka wapi. Ukikipokea, msalimie na muulize nadhiri yake ilikuwa ipi. Huenda akakusimulia.