Kumwandikia Aliye Shimoni

Kolwezi, mji ulioanzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya shaba, na ambao tangu jimbo la Katanga ligawanywe mwaka 2015 umekuwa makao makuu ya jimbo la Lualaba, ni mji unaoishi kwa zamu. Watu wa asubuhi wanapopanda mabasi ya kampuni, wenzao wa usiku huwa wanarejea majumbani kwao Manika na Dilala. Baina ya hao na hawa wamo wachimbaji wa mikono, wanunuzi wa madini, mama wauza unga na makaa, na walimu. Wala hakuna saa ya mchana au ya usiku ambayo ukoo mzima, au kwaya nzima, au chama kizima cha likelemba, yaani cha kuchangiana fedha kwa zamu, huweza kuketi mahali pamoja na kusikilizana. Haja hiyo ya kukutana ndiyo iliyoyapa makundi ya WhatsApp cheo kikubwa katika maisha ya mji, kwa kuwa huwakutanisha kwa maneno watu ambao saa zimewatenganisha. Na haja hiyo hiyo ndiyo ipasayo kutufundisha namna ya kusema ndani yake.

Jambo lisemwalo saa nne asubuhi husomwa saa moja usiku na mtu aliyeshinda katika mgodi wa chini wa Kamoto. Apandapo juu na kuwasha simu hukuta jumbe mia mbili na ushei zikimngojea. Hana nguvu za kutosha, hana mega za kuchezea, na yamkini betri yake i karibu kuzima kwa kuwa umeme wa shirika la SNEL ulikatika tangu jana (ajabu isiyokwisha katika mji ambao mabwawa ya Nzilo na Nseke ni jirani zake, na ambao waya mrefu wa Inga umevuka nchi ili kuufikia). Mtu huyu ndiye ningependa tumfanye kadhi wa adabu ya makundi yetu. Wengi wanaotoa nasaha juu ya mazungumzo haya huanza na msemaji, haki yake na uhuru wake. Mimi naona insafu ni kuanza na msomaji aliyechelewa, maana kila mmoja wetu ni msemaji kwa dakika chache, na saa zote zilizobaki ni msomaji aliyechelewa.

Tazama kwanza wingi. Hadi mwaka 2022 kundi moja halikupokea watu zaidi ya 256; mwaka huo idadi ilipandishwa ikawa 512, na kabla haujaisha ikafika 1,024. Wenye programu waliongeza viti, na adabu ya kuvikalia wakawaachia wenyewe waketio. Iwapo watu mia tatu wa mtaa mmoja wataandika kila asubuhi "Jambo yenu bote", na mia wengine wakaitikia, tangazo la kukatika kwa maji lililowekwa saa moja na nusu litakuwa limekwisha zikwa kabla ya chai.

Hapa pana mashaka ambayo waliotunga adabu za mtandao huko Marekani hawakuyafikiria sana, nasi hatuna budi kuyakabili wenyewe. Murua wetu haumruhusu mtu kuingia na kutaja haja yake pasipo salamu, na penye kilio kunyamaza ni kosa liwezalo kukumbukwa kwa miaka. Katika kilio cha uani kila mtu huja, huketi, hutoa pole na kuonekana, na huko kuonekana ni nusu ya pole yenyewe. Lakini pole mia mbili zikiandikwa moja moja chini ya tangazo la msiba, ndugu aliye njiani kutoka Likasi au Lubumbashi hataona saa ya maziko ilipoandikwa, wala makaburi yapi, wala nyumba gani watu wanakesha. Na hivyo heshima ile ile wanayopewa wafiwa huwakosesha wafiwa watu wao. Sisemi watu waache kutoa pole. Nasema pole ipelekwe kwa mfiwa mwenyewe, kwa simu au kwa miguu, na katika kundi itoshe ile alama ndogo ya moyo au ya mikono iliyofumbatana, ambayo tangu mwaka 2022 huwekwa juu ya ujumbe bila kuzaa ujumbe mwingine. Na msemaji wa ukoo, mmoja tu, aandike tangazo kamili lenye jina la marehemu, siku, saa na mahali, kisha msimamizi alibandike juu ya kundi lisishuke, jambo lililowezekana tangu mwisho wa mwaka 2023. Wazee watanung'unika kwamba alama si pole, na kwa kweli si pole. Ni dalili tu kwamba mtu amesoma na ameguswa, nayo kwa siku ya msiba inatosha mpaka atakapofika mwenyewe.

Salamu nayo na iandamane na haja katika ujumbe mmoja: "Jambo yenu, ba yaya na ba mama, mkutano wa wazazi ni Jumamosi saa tatu, shuleni." Aliyesalimu namna hii hakupunguza heshima hata chembe. Aghalabu wanaolaumiwa kwa maneno mengi si wale wenye mengi ya kusema, bali wale wanaolikata jambo moja vipande saba, salamu peke yake, "samahani" peke yake, "nilitaka kuuliza" peke yake, na swali lenyewe likaja mwisho, baada ya simu ya kila mtu kulia mara saba.

Liko pia jibu lisilo na swali. Mtu huandika "Hapana, ni kesho," na aliye shimoni, akipanda jioni, hajui kama kilicho kesho ni arusi, mgomo au mazoezi ya kwaya, wala kesho hiyo ihesabiwe tangu lini. Dawa yake ni nyepesi: ushike ujumbe wa mwenzio, uujibu ukiwa umeonekana, na siku uitaje kwa jina lake. Adabu hii ni kongwe kuliko simu zetu. Mwezi wa Oktoba 1995, Sally Hambridge wa kampuni ya Intel alikusanya mwongozo wa murua wa mtandao, ambao mafundi wa intaneti waliupa namba 1855 katika nyaraka zao, na ndani yake ajibuye anahimizwa arudie maneno ya kwanza kwa kiasi tu cha kumjulisha msomaji ni neno gani linajibiwa. Aliyepandwa na ghadhabu anaambiwa alale kwanza ndipo atume jibu. Na herufi kubwa tupu zinahesabiwa kuwa makelele. Wala nchi ya Kolwezi haikungoja Intel ndipo ijifunze kusikilizana. Katika miaka ya 1950, miongoni mwa wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière na wake zao, padre Placide Tempels aliasisi vuguvugu la dini liitwalo Jamaa, ambalo mafundisho yake yaliendeshwa kwa Kiswahili, kwa swali na jawabu, na kwa daraja zilizofuatana.

Katika likelemba adabu hugeuka kuwa hesabu. Kila mwanachama hutoa fungu lake kwa wakati uliowekwa, na mmoja kwa zamu huchukua jumla. Siku hizi fungu hupita katika M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, na ushahidi wake ni picha ya risiti iliyotupwa katika kundi. Picha hiyo ikifuatwa na video ya mchungaji, na kichekesho, na tangazo la nywele za kuuza, mtunza fedha atakapofunga hesabu hataiona, na mtu mwaminifu ataitwa mdeni mbele ya watu arobaini. Nimesikia urafiki wa miaka mingi ukivunjika kwa risiti iliyolaliwa na vichekesho. Kundi la fedha na liwe la fedha tu, na soga iundiwe kundi lake. Soga si dhambi, ina mahali pake, na likelemba isiyo na soga huchosha.

Lakini ziko siku ambazo kutoka nje ya mada ni zaidi ya kero. Tarehe 27 Juni 2019 kingo za mgodi ziliporomoka katika eneo la kampuni ya Kamoto, na wachimbaji zaidi ya arobaini wakafa. Katika siku ya namna hiyo kila nyumba hutafuta jina moja, na makundi hujaa; mtu mwenye habari ya kweli, kwamba fulani ameonekana hai, huiandika mara moja, ikamezwa na picha za ajali za nchi nyingine, dua zilizopelekwa kutoka kundi hadi kundi, na orodha za majina zisizo na mwandishi. WhatsApp yenyewe ilikiri hatari hii: mwaka 2018 huko India, baada ya uvumi wa simu kusababisha watu kuuawa, ilipunguza kupeleka ujumbe mbele hadi mazungumzo matano kwa mara moja, ikaeneza sharti hilo ulimwenguni Januari 2019, na Aprili 2020, wakati wa korona, ikauruhusu ujumbe uliokwisha tembea sana upelekwe mahali pamoja tu kwa mara moja. Hapa kwetu Kongo, Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 humwadhibu aanzishaye habari ya uongo dhidi ya mtu na aipelekaye vilevile. Hata sheria isingekuwapo, asiyejua habari imetoka wapi, nani ameiona na saa ngapi, siku hiyo anyamaze. Kimya chake kitamsaidia mfiwa kuliko huruma yake.

Msimamizi ana uwezo wa kulifunga kundi, asiseme mtu ila yeye, nao ni uwezo mwema siku ya msiba au ya hesabu, na mbaya siku nyingine zote. Akimwonya aliyepotoka, amwonye faraghani. Onyo la hadharani huleta utetezi, utetezi ukaleta mashahidi, na mada ikapotea mara mbili.

Limebaki suala la sauti. Wako wazee wetu wasiosoma, na wako vijana wanaosoma Kifaransa kwa wepesi lakini Kiswahili chao cha Katanga hawajazoea kukiandika. Kuwakataza kusema ni kuwatoa kikaoni. Hata hivyo sauti ya dakika sita haipitiwi kwa jicho, hula mega, na haisikiki ndani ya basi la kampuni lililojaa watu. Mwenye kutuma sauti, au mjukuu aliye karibu naye, aandike chini yake mstari mmoja wenye mada, siku na jina la anayetakiwa kujibu, ili mtu wa zamu ajue kama aisikilize sasa hivi au aiache mpaka atakapokwisha kuoga.