Kwa nini picha ya kitambulisho hukataliwa, na jinsi ya kuipiga ikubalike

Umepiga picha ya kitambulisho ili ufungue akaunti, simu inajibu: "Picha haisomeki, jaribu tena." Kwa mfanyabiashara wa mbuzi aliye Banissa, hilo si jambo dogo. Mnunuzi yuko tayari kutuma pesa, akaunti bado haijafunguka, na kwenda hadi Mandera mjini kutafuta usaidizi ni nauli na kazi kusimama. Sasa, simu huifanyia nini hiyo picha?

Simu huinyoosha kadi

Ukipiga picha kwa upande, ukingo wa karibu huonekana mrefu na wa mbali mfupi. Programu hurekebisha kwa hesabu iitwayo homografia: kila nukta inahamishwa hadi mahali ambapo ingekaa kama ungepiga kutoka juu, moja kwa moja.

Hesabu hiyo hutafuta namba nane. Kila pembe ya kadi hutoa vipimo viwili, cha kulala na cha kusimama. Pembe nne mara mbili ni nane, basi zinatosha. Umbo la kurudishia linajulikana tayari, kwani kadi za benki na vitambulisho vingi hufuata kipimo cha kimataifa cha milimita 85.6 kwa 54 hivi.

Kwa hivyo, fanya hivi

- Pembe zote nne zionekane. Kidole kikifunika moja, programu inabaki kukisia.
- Laza kadi juu ya kitu cha rangi tofauti, ili kingo zijitokeze.
- Kadi isiwe imepinda. Hesabu hii hufaa kitu bapa tu.
- Ingia kivulini. Jua likimulika plastiki, herufi hufutika, na kunyoosha picha hakuzirudishi.
- Usiinamishe simu sana. Mwinamo kidogo hurekebishika, ila ukizidi, maandishi ya mbali hubanana yasisomeke.

Picha safi humfaa mwizi pia

Piga picha ndani ya programu yenyewe. Usiitume kwa WhatsApp kwa mtu anayejiita wakala, hata akisema anakusaidia kusajili. Akishapata kitambulisho chako kinachosomeka vizuri, anaweza kujaribu kukitumia kwa jina lako. Na PIN usimpe mtu yeyote, kwa sababu kunyoosha picha hakuhitaji PIN hata kidogo.