UDONGO TWAHARA WENYE MADHARA

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake. Ama ba'ad.

Mwanafunzi wa fiqhi ya Kishafi hujifunza mapema kwamba maji yaliyopashwa na jua ndani ya chombo cha madini, katika nchi ya joto, ni twahara na yanatwahirisha, lakini ni makuruhu kuyatumia mwilini kwa kuchelea madhara. Kumbe kitu chaweza kuwa twahara na kisiwe salama.

Mfano wa leo ni mji wa Kabwe, Zambia. Hapo risasi na zinki zilichimbwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1994, na vumbi lenye risasi likabaki katika viwanja vya nyumba. Vumbi hilo si najisi. Nguo iliyolipata yaswaliwa. Lakini mtoto achezaye chini hulitia mdomoni, na mwili wake hufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima. Risasi hudhoofisha akili na kupunguza damu, na ikizidi huleta degedege na mauti. Hukaa mifupani, na mama akishika mimba hutoka humo ikamfikia aliye tumboni.

Hukumu yake ni ipi? Kuhifadhi nafsi, akili na kizazi ni katika makusudio ya Sheria, na risasi huvigusa vyote vitatu. Mafaqihi wameweka kanuni kuwa madhara huondolewa. Basi haijuzu kwa anayejua kuuza mchanga wa mabaki ya mgodi, wala kujazia kwao uwanja wa madrasa. Mjamzito akatazwe kula udongo huo. Maji ya kisima yapimwe, kwani kuyachemsha hakuondoi risasi. Watoto wanawe mikono kabla ya kula, sakafu ipigwe deki badala ya kufagiwa kavu, na damu zao zipimwe hospitali.

Ama gharama za kusafisha, kanuni yasema hasara humfuata mwenye faida. Waliochuma mgodini na wenye mamlaka juu ya raia ndio wa kwanza kudaiwa.

Imamu akaaye karibu na machimbo yaliyoachwa, akiulizwa juu ya udongo wake, asitosheke kujibu kuwa ni twahara.

Wallahu a'lam.