Kwenda Kazini kwa Miguu Si Ufukara

Kila asubuhi pale Ukunda nawaona wafanyakazi wa hoteli za Diani wakingoja matatu, tuktuk na bodaboda. Safari yenyewe, mpaka kwenye barabara ya hoteli, haifiki kilomita 4. Lakini mshauri mmoja wao aende kwa miguu, atakuuliza: "Kwani mimi nimekosa nauli?"

Hapo ndipo penye kasoro. Kutembea kumefanywa alama ya ufukara, na hali sisi Waislamu hatukufundishwa hivyo. Banu Salima wa Madina walitaka kuhamia karibu na msikiti wa Mtume (S.A.W.), naye akawaambia wabaki majumbani mwao, kwani hatua zao zinaandikwa. Sisemi kwenda kazini ni sawa na kwenda kusali. Lakini mwenye kutafuta riziki ya halali naye yumo katika kheri, na hatua zake si za kuonewa haya.

Waganga nao wana ushahidi wao. Mwaka 1953, Daktari Jerry Morris na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva, waliokaa kitini siku nzima, walipatwa na maradhi ya moyo kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi. Leo Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima aushughulishe mwili wake kwa dakika 150 kwa wiki angaa. Nusu saa ya mwendo wa haraka, siku 5, hesabu imetimia. Kwetu, ambako presha na sukari zimezoeleka majumbani kama mahamri na chai, hiyo ni dawa isiyouzwa dukani.

Hata hivyo, waajiri wasidhani maneno matupu yatatosha. Jua la pwani ni kali, na mtu hawezi kumkaribisha mgeni hali amelowa jasho. Apewe mahali pa kuoga na kubadili nguo, na maji ya kunywa. Wanaotoka kazini usiku, hasa akina mama, waendelee kupelekwa kwa gari. Wala pasitokee tajiri akaifanya afya kisingizio cha kukata posho ya nauli! Serikali ya Kaunti ya Kwale nayo ikumbuke kuwa mwenda kwa miguu anahitaji njia yake, taa na miti ya kivuli, asije akagombania barabara na magari.

Na anayetoka mbali, tuseme Msambweni kuja Ukunda, hatuambiwi atembee safari nzima. Ashuke kituo kimoja kabla ya chake, amalizie kwa miguu. Mgonjwa amwulize daktari wake kwanza.

Wazee wetu walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure. Sembuse yule anayetembea kuifuata riziki yake?