Kabla ya Kuotesha Mche Nyumbani, Pasua Tunda



Wengi wetu tunaofanya kazi katika mashamba ya michikichi na viwanda vya mawese hapa Rumonge, pamoja na wenzetu walio kando ya ziwa kuelekea Nyanza-Lac, tuna kipande cha ardhi nyumbani. Kipande hicho ndicho kinachosaidia pale mshahara unapokwisha kabla ya mwezi. Mvua za Septemba zinapokaribia, swali huwa lile lile: miche tuipate wapi? Wako wanaookota kokwa chini ya mti mzuri wa shambani, wakaziotesha kwenye makopo, wakahesabu kuwa wamepata michikichi ya bure. Tunataka kueleza kwa nini bure hiyo ni ghali, kisha tutaje mimea ambayo mtu anaweza kuizalisha mwenyewe nyumbani bila hofu.

Chukua tunda la mchikichi ulikate nusu kwa panga kali, kokwa nalo likatike. Ukikuta gamba nene na nyama kidogo juu yake, huo ni mchikichi wa kienyeji, ambao wataalamu huuita dura. Ukikuta gamba jembamba, limezungukwa na duara la nyuzi nyeusi kama vitone, na nyama nyingi yenye mafuta, huo ni tenera. Ipo na aina ya tatu, pisifera, isiyo na gamba kabisa. Mtu angedhani hiyo ndiyo bora kuliko zote, lakini kwa kawaida mikungu yake huoza kabla ya kukomaa. Mti unasimama, unakula mbolea, na hautoi kitu.

Siri ya jambo hili ilifunuliwa jirani yetu, katika kituo cha utafiti cha Yangambi karibu na Kisangani. Mwaka 1941 watafiti Beirnaert na Vanderweyen walionyesha kwamba tenera si kabila linalojitegemea. Ni mtoto wa dura na pisifera. Mama akiwa dura na baba pisifera, watoto wote huwa tenera. Lakini tenera akizaa na tenera mwenzake, watoto hutawanyika: robo dura, nusu tenera, robo pisifera.

Sasa tufanye hesabu ya nyumbani. Ndugu mmoja ameokota kokwa chini ya tenera katikati ya shamba la tenera, akapata miche 40. Kwa wastani, 20 itakuwa tenera, 10 itarudi kuwa dura, na 10 haitampa mafuta. Kama jirani na mti ule kuna michikichi mingi ya kienyeji, baba huenda akawa dura, na hapo nusu ya watoto watakuwa dura. Hakuna njia ya kumchagua baba kwa kuokota. Mchikichi una maua dume na maua jike juu ya mti mmoja, ila kwa zamu, kwa hiyo chavua hutoka mti mwingine, ikibebwa na upepo na wadudu wadogo. (Wadudu hao ni wa Afrika. Malaysia iliwachukua kutoka Kamerun na kuwaachia katika mashamba yake mwaka 1981, maana huko kabla ya hapo watu walilazimika kuchavusha kwa mikono.)

Ubaya ni kwamba jambo hili halionekani kitaluni. Mche wa pisifera hupendeza sawa na mwingine. Mpaka mti uzae, umekaa kitaluni karibu mwaka mmoja na shambani karibu miaka mitatu. Miti 40 kwa nafasi ya mita 9 hujaza zaidi kidogo ya robo ya hekta, na ardhi ya kando ya ziwa si ya kuchezea. Mchikichi hukaa miaka 25 au zaidi. Anayekosea mbegu amekosea kwa muda wa utumishi wake wote.

Basi, je, haiwezekani kukata tawi la mchikichi mzuri na kulipandikiza? Haiwezekani. Mwembe na mchungwa vina tabaka laini lenye unyevu kati ya gome na mti, na ni tabaka hilo linaloshikana wakati wa kubebesha. Mchikichi hauna tabaka hilo wala matawi. Una kichwa kimoja tu cha kukua. Ukikikata, mti umekufa. Maabara zilianza kuzalisha michikichi kutoka vipande vya mmea katika miaka ya 1970, lakini baadhi ya miti hiyo ilitoa maua yenye kasoro na mikungu isiyokomaa, na sababu yake ilielezwa vizuri mwaka 2015 tu. Kwa mchikichi, hatuna njia nyingine ila mbegu iliyotengenezwa na watu wanaofunika ua jike kwa mfuko kabla halijafunguka, kisha wakalipaka chavua ya pisifera wanayoijua.

Hata mbegu hiyo haioti kwa kufukiwa tu. Huwekwa katika joto la digrii 38 hadi 40 kwa siku 60 hadi 80, halafu hulowekwa na kupozwa. Kazi hiyo si ya jikoni. Kinachofaa ni kununua mbegu iliyokwisha kuchipua au mche mdogo. Ng'ambo ya mpaka, Kigoma, serikali ilianza kampeni ya kufufua michikichi mwaka 2018, na kituo cha utafiti cha Kihinga kikashika kazi ya mbegu za tenera. Kwetu, ulizeni ISABU au agronomu wa tarafa. Ulizeni mama ni nani na baba ni nani. Muuzaji wa njiani asiyejua jibu anauza kokwa za kuokota. Ni afadhali watu kumi wa zamu moja wachangie mbegu za kweli kuliko kila mmoja kununua za rahisi peke yake.

Mbegu iliyochipua ina ncha mbili: mzizi uelekee chini, jani juu. Iwekwe kivulini, imwagiliwe kila siku, na baada ya miezi mitatu au minne ihamishiwe kwenye mfuko mkubwa. Miche iliyodumaa au kujipinda itupwe bila huruma, hata ikiwa mmoja katika kila mitano. Kitalu kisiwekwe ufukweni. Tangu maji ya ziwa yalipopanda miaka ya karibuni tumeona maji yakifika yasikotazamiwa.

Tuje kwenye mwembe, ambao unabebeshwa nyumbani vizuri kabisa. Panda kokwa mbichi iliyovuliwa ganda, kwani ikikaa wiki chache haioti. Shina likifikia unene wa penseli, tafuta kwenye mwembe unaoupenda ncha ya tawi yenye unene huo huo na vichomozo vilivyovimba. Siku kumi kabla ya kuikata, ondoa majani yake. Kata kichwa cha mche, pasua shina katikati kiasi cha sentimita 4, chonga ncha ile kama kabari, iingize hadi gome likutane na gome walau upande mmoja, funga kwa utepe wa plastiki, funika kwa kifuko kinachopitisha mwanga. Kisu kiwe kikali na safi. Mikato miwili ya haraka inashinda mikato sita ya kusitasita. Baada ya wiki tatu au nne utaona majani. Machipukizi yanayotoka chini ya kiungo yakatwe daima, la sivyo mti wa kienyeji utaumeza ule mzuri. Parachichi hufuata njia hiyo hiyo.

Mihogo ni rahisi zaidi, na ndiyo maana watu hawaiangalii. Pingili ya sentimita 20 hadi 30, kutoka sehemu ya kati ya shina lililokomaa, inatosha. Lakini pingili hubeba ugonjwa wa mama yake. Shina lenye majani yaliyojikunja na mabaka ya manjano lina batobato. Usilichukue wala usimpe jirani. Michirizi ya kahawia, iliyoripotiwa nchini mwetu mwaka 2011, ni ya hila zaidi, maana majani yanaweza kupendeza huku mizizi inaoza ndani. Kwa hiyo usikate vijiti kwenye shamba ambalo hujaling'oa. Ng'oa kwanza, kata mizizi ya shina hilo vipande vipande, na ukiona madoa makavu ya kahawia, shina lote liende motoni.