Mtaka Kuruka Sharti Ainame

Huku kwetu Garsen baiskeli ni punda wa nyumba. Hubeba madumu ya maji, samaki, mikungu ya ndizi, hata mgonjwa. Basi jioni moja baada ya alasiri, nilipomkuta mpwa wangu akirukia tuta kwa baiskeli aliyoniachia marehemu baba, nilikuja juu.

"Mjomba, usikasirike," akaniambia. "Panda nikufunze."

Mchezo huu watoto wa California waliupamba miaka ya 1970, wakiiga mbio za pikipiki. Mbio za baiskeli za milimani nazo ziliingia Olimpiki huko Atlanta mwaka 1996. Sisi wa bonde la Tana mlima hatuna. Mlima wetu ni tuta. Lakini udongo mweusi wa bonde ukikauka hupasuka nyufa, na ajuaye kuinua gurudumu huzivuka salama.

Somo la kwanza si kuruka. Nilisimama juu ya pedali, moja mbele moja nyuma, sikugusa kiti, magoti na viwiko nimevilegeza. Nikashuka tuta hivyo mara kumi.

La pili ni gurudumu la mbele. Usilivute kwa nguvu za mikono. Inama kwanza, kisha rudisha kiwiliwili nyuma, mikono imenyooka, litainuka lenyewe. Kidole kikae kwenye breki ya nyuma: ukihisi waenda chali, bana.

La tatu ni la nyuma. Inuka wima, sukuma usukani mbele, kunja miguu juu, baiskeli itafuata. Aliniwekea ubua wa mhindi niuruke, si gogo.

Mimi nikafanya haraka. Nilivuta kwa mikono, gurudumu likatua upande, nikala mchanga. Kiwiko kilichubuka, rimu ikapinda. Siku mbili baiskeli ilikaa kwa fundi, na maji ya nyumbani nikayachukua mwenyewe begani. Hapo nikajua thamani ya kile nilichokichezea.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kumbe hata cha juu ni vivyo hivyo. Sasa tumepatana na mpwa wangu: maji kwanza, kisha tunafungua keria, ndipo tuta. Wala haturuki kwenda juu sana, maana chuma hiki kiliundwa kwa mizigo.

Juzi niliuvuka ubua, magurudumu yote mawili hewani, kiasi cha vidole viwili tu.

"Mashallah, mjomba!" akapiga kelele. Nikainama tena.