Dereva, Makanga na Sukari Katika Damu

Siku moja ukiwa stejini hebu tazama watu wawili wa matatu moja. Dereva hukaa kitini tangu alfajiri mpaka usiku, na hata chai huletewa dirishani. Makanga naye hana kiti. Hushuka, hupanda, huita abiria, hukimbilia gari likiondoka. Jioni wote wawili wamechoka. Je, miili yao imepata faida sawa?

Swali hili si geni. Mwaka wa 1953 Daktari Jeremy Morris na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa, na kondakta alipanda na kushuka ngazi kutwa nzima akikata tiketi. Ilionekana kwamba makondakta hawakupatwa na ugonjwa wa moyo kama madereva. Tuseme ukweli wote: mwaka wa 1956 Morris huyo huyo aliangalia vipimo vya suruali za kazi, akakuta madereva walikuwa na viuno vipana hata wakiwa vijana. Kwa hivyo si kiti peke yake kilichokuwa na makosa. Lakini tangu hapo wataalamu hawajaacha kukichunguza kiti.

Kinachotendeka ni hivi. Ukila ugali, chapati au mkate, chakula hicho hugeuka kuwa sukari na kuingia katika damu. Kongosho hutoa insulini, ambayo ni kama ufunguo wa kuifungulia sukari mlango iingie katika misuli. Misuli yetu mikubwa ni ya mapaja na makalio, na ukikaa hiyo yote imelala, haitaki kitu. Sukari inabaki ikizunguka, na kongosho inalazimika kutoa insulini zaidi. Mwendo huo ukiwa wa kila siku kwa miaka mingi, hasa kwa mtu mnene au aliyezaliwa katika jamaa yenye ugonjwa wa sukari, ufunguo huanza kukataa. Wengi hawajui mpaka kidonda cha mguu kikatae kupona.

Sasa sikia jambo la kupendeza. Ukitembea, misuli inayojikunja hufungua mlango mwingine usiohitaji ufunguo ule. Ndiyo sababu hata mtu ambaye insulini yake imepungua nguvu husaidika.

Lakini dakika mbili tatu zitafanya nini? Huko Melbourne, Australia, watu 19 wanene walipimwa katika uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2012. Waliokatiza kukaa kwa kutembea dakika 2 kila baada ya dakika 20, sukari yao baada ya chakula ilipanda kidogo kuliko walipokaa tu, tofauti ya karibu robo au zaidi. Mwaka wa 2023, wachunguzi wa New York waliona kwamba dakika 5 za kutembea kila nusu saa zilipunguza kupanda huko kwa asilimia 58. Hao walikuwa watu 11 tu, na walipimwa siku chache, kwa hivyo tusiyafanye matembezi kuwa dawa ya miujiza. Hata hivyo hayana gharama.

Karani, askari wa lango, mama wa kibanda, fundi wa cherehani ya umeme: kila mmoja aangalie kazi yake. Fundi aweke pasi upande wa pili wa chumba, ili kila mshono umwinue. Mama wa kibanda, simu ikilia, aongee akizunguka kibanda. Dereva akifika mwisho wa safari ashuke, azunguke gari lake mara kadhaa akitazama magurudumu. Wakati mzuri zaidi ni baada ya kula, saa ile ambayo wengi wetu hutafuta kiti!

Kama tayari unatumia sindano ya insulini au tembe za sukari, zungumza kwanza na daktari au muuguzi wako, na usiache dawa. Ukitetemeka, ukitoka jasho baridi au kusikia kizunguzungu, huenda sukari imeshuka mno: keti, unywe chai yenye sukari upesi. Na mwenye ganzi miguuni asitembee pekupeku hata uani. Avae viatu visivyobana, na kila jioni akague nyayo zake.